Namba 28 Ilivyoniumbua Maji ya Chai

Mtu akiniuliza saa, namjibu. Akiniuliza saizi ya tairi la baiskeli, namkalisha chini. Hiyo ndiyo tabia yangu, na ndiyo maana kwenye kikundi chetu cha Jumamosi alfajiri hapa Arusha walinibandika jina la Venia, kwa ajili ya kile chombo cha kupimia vyuma ninachotembea nacho mfuko wa nyuma, pale wenzangu wanapoweka ndizi. Nililipenda hilo jina. Siku hizi wakilitaja kuna kicheko kinafuata. Leo naeleza mwenyewe kicheko kilikotoka, kwa sababu kila anayehadithia anaongeza kuku. Kuku alikuwa mmoja tu.

Baiskeli yangu ni ya mbio, fremu ya aluminiamu ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, breki zake ni za makoleo yale yanayobana rimu. Ilizaliwa enzi ambazo kila mtu aliamini tairi jembamba ndilo lenye kasi: tairi la upana wa mm 23, upepo psi 110 kwenye geji ya pampu, na kiuno chako kitajijua. Mambo yamegeuka. Wanaoshindana Ulaya sasa wanatembelea 28, wengine 30, na upepo wameupunguza, maana lami halisi haina uso wa kioo, na tairi lililojazwa kama jiwe hurukaruka juu ya kila kokoto, kila mruko unakula nguvu ambayo ingekusogeza mbele. Somo hili nimelihubiri sana. Nimemhubiria hata muuza maziwa wa mtaani kwetu, mwenye baiskeli nyeusi ya Phoenix na madumu mawili, mpaka akawa ananiletea maziwa kwa kunipenyezea mlangoni na kukimbia.

Basi nikapata magurudumu. Mitumba kutoka Ulaya, mazima, spoki zote zimenyooka, rimu pana za kisasa: upana wa ndani mm 21, wa nje mm 26. Yangu ya zamani yalikuwa 15 ndani na 20 nje. Hapa ndipo watu huchanganya. Upana wa ndani, kati ya kuta mbili za rimu, ndio unaoamua tairi litanenepa kiasi gani. Upana wa nje ndio unaoamua kama breki zako zitakubali kufunguka kiasi hicho. Muuzaji akikutajia namba moja tu, mwulize ni ya ndani au ya nje. Akisema "zote", nenda kwa mwingine. Wangu alikuwa mwungwana, akaniongezea na tairi moja la 28 la zamani kidogo lakini gome lake bado nene. Gurudumu la mbele nikapanga kulivalisha 25, hili la 28 likae nyuma, kwenye uzito wa mwili.

Kabla sijaendelea, twende ubavuni mwa tairi, kwa sababu aibu yangu yote imeandikwa pale. Kuna namba mbili. Ile kubwa, 700x28C, ni ya dukani. Ile ndogo, ambayo mara nyingi inabidi uifute vumbi kwa mate, ni 28-622. Hiyo ya 622 ndiyo ya maana kuliko zote: ni kipenyo, kwa milimita, cha pale waya wa tairi unapokaa kwenye rimu. Hapo hakuna kubembelezana. 622 inakaa kwenye 622. Ile 700 ni hesabu ya Wafaransa wa zamani. Ilikuwa kipenyo cha nje cha gurudumu lote na tairi lake, na herufi zilionyesha unene: tairi likiwa nene rimu inakuwa ndogo, likiwa jembamba rimu inakuwa kubwa, ili zote zifike 700. Ndiyo maana 700B ina rimu ya 635 na 700C ina ya 622. Tairi la 28 la leo, ukijumlisha 622 na 28 mara mbili, unapata 678. Ile 700 huipati popote kwenye baiskeli hiyo, hata ukiipima pamoja na matope.

Haya. Ijumaa jioni nikapindua baiskeli, nikapima nafasi kati ya yale mabomba mawili ya chini yanayolikumbatia gurudumu la nyuma, pale tairi linapopita. Mm 34. Nikatoa 28, ikabaki 6, nikagawa kwa 2: mm 3 kila upande. Watengenezaji wengi wa fremu wanataka 4. Nikajisamehe hiyo 1. Mtu akiwa yeye ndiye mshtakiwa na yeye ndiye hakimu, kesi haichukui muda.

Makosa yalikuwa matatu, na yote matatu nilikuwa nayajua.

La kwanza: ile 28 ya ubavuni ni upana ambao tairi lilifikia kwenye rimu ya kupimia ya kiwandani. Tairi lile lilitengenezwa wakati rimu ya 15 ndiyo ilikuwa kipimo cha kawaida. Ukilipeleka kwenye rimu pana zaidi, kuta zake zinatanuliwa miguu, na kwa makadirio kila mm 1 ya upana wa ndani inaongeza kama mm 0.4 kwenye tairi. Kutoka 15 hadi 21 ni mm 6. Sita mara 0.4 ni 2.4. Kwa hiyo nilichokuwa nimeongezewa kilikuwa tairi la 30.4 lenye cheti cha kuzaliwa cha 28. Hesabu hii nimewahi kumfundisha dogo mmoja pale Sakina kwa kuchora mchangani kwa spoki, nikamwuliza na maswali. Alipata yote.

La pili: nilipima upana, nikasahau kimo. Tairi ni duara. Likinenepa kwa pembeni linapanda na juu. Chini ya makoleo ya breki ya nyuma, nilipokuwa na tairi la 23, kulikuwa na nafasi ya mm 7.5. Tairi jipya lilipanda kama mm 6.5. Ikabaki 1. Kwenye fremu nyingi za mbio za zamani tairi hukwama hapo juu kwanza, chini ya breki au kwenye shingo ya foki, kabla halijagusa pembeni. Na fremu kama yangu, ambayo matundu ya ekseli yanatazama chini, huwezi kulivuta gurudumu nyuma kidogo likapata pumzi. Linakaa pale lilipopangiwa.

La tatu nitalisema likifika.

Kufunga ilikuwa kazi ya saa nzima. Rimu ilikuwa imenenepa kwa mm 6 kwa nje, kwa hiyo vibao vya breki viliibana kabla sijagusa waya. Nikalegeza nati ya waya, nikakaza kile kirekebishio mpaka mwisho, nikaupa waya urefu, nikaikaza tena nati, nikasawazisha makoleo yakae katikati. Bado yanagusa. Nikafungua ile klipu ndogo ya pembeni, ambayo kazi yake ni kutanua breki pale tu unapotaka kutoa gurudumu, nikaiacha wazi kama mlango wa chooni. Ikakubali. Kilichotokea ni kwamba vibao vilikuwa vimeachana mm 28 na tairi ni 30.4, yaani gurudumu halitoki wala haliingii mpaka upepo utolewe wote. Fundi yeyote akiona klipu iko wazi muda wote anajua kuna mtu amelazimisha kitu. Mimi nikaona nimekuwa mbunifu.

Nikajaza psi 95. Kwa kilo zangu 74, tairi la upana ule lilitaka kama 65. Lakini mkono ulizoea kujaza mpaka pampu igome.

Nikazungusha gurudumu. Kimya. Nikachukua risiti ya EFD ya dukani, nikaipitisha chini ya breki: ikapita. Nikapitisha kadi ya benki: ikapita, kwa kusitasita. Kisha nikachukua spana ya L ya mm 4, ambayo ndiyo kipimo cha kweli na kila mtu anayo: ukiweza kuipitisha kati ya tairi na fremu, pembeni na juu, kila mahali bila kugusa, kalale. Yangu iligota. Nikairudisha kwenye boksi lake taratibu, kama mtu anayemwambia shahidi atoke nje asubiri.

Usiku, wakati mimi nalala, tairi likafanya kosa la tatu kwa niaba yangu. Nyuzi za tairi zikikaa na upepo hujinyoosha, hasa saa 24 za kwanza, na zaidi ukilijaza kupita kiasi. Baadaye nilipolipima lilikuwa limefika mm 30.9. Ile mm 1 ya juu ikawa nusu. Ndiyo maana tairi jipya hupimwa kesho yake.

Asubuhi saa 12 tukakutana, safari ni njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kurudi. Usiku kulikuwa na manyunyu, lami imelowa. Kwenye njia nne mpaka Tengeru nilikuwa mbele, natoa mhadhara. Nilisikika nikisema, na mashahidi wapo, kwamba tairi pana ni kama kukaa sofani. Hata mita ya mwendo niliitetea: nilikuwa sijaibadilisha kutoka mzingo wa mm 2096 wa tairi la 23, na sasa nilikuwa kwenye 2140 hivi, kwa hiyo nikawaeleza kwamba mita inaninyima, safari ya kilomita 80 ingesomeka 78. Wakaniuliza kama baiskeli ina deni nami.

Baada ya Tengeru yakaja matuta. Kwenye tuta unapunguza mwendo, kisha unasimama kwenye pedali kuirudisha kasi, na ukisimama hivyo fremu na gurudumu vinapinda kidogo, kulia, kushoto. Huwa huoni, kwa sababu kuna mm 4 za kupindia. Mimi nilikuwa na moja na nusu. *Zip. Zip. Zip.* Kila nikikanyaga.

"Venia, baiskeli yako inanung'unika," akasema aliyekuwa nyuma yangu.

"Ni tairi jipya. Linazoea."

Kisha tukafika pale malori yanapotoka na kumwaga mchanga barabarani. Tairi lililolowa huokota mchanga kama kidole chenye asali. Kila punje ilipanda nalo mpaka chini ya breki, ikakuta mlango wa nusu milimita. *Zip* ikabadilika ikawa *nyiiiiiii*, sauti ndefu, ya kusononeka, isiyopumzika. Dereva wa bodaboda akanipita, akageuka, akanipita tena kwa kunisubiri.

"Kaka, umebeba mbuzi?"

Ningesimama hapo, leo ningekuwa bado na heshima. Lakini ukishaitwa Venia huwezi kusimama mbele ya watu kumi na mbili na kuinama kuangalia tairi ulilolipima mwenyewe. Nikaongeza mwendo. Mbuzi akaongeza sauti.

Maji ya Chai, pembeni ya kijiwe cha bodaboda, kuna mama anakaanga vitumbua. Nilikuwa nimefika usawa wa kikaango chake haswa.

Tyubu ikipasuka ikiwa na psi 95, halafu kwenye kijiji asubuhi, haisikiki kama pancha. Vijana wa bodaboda wawili walilala chini, mmoja aliruka mtaro. Kuku, mmoja, aliyekuwa anachokoa kando ya beseni la unga wa mchele uliokwisha umuka, akaruka juu kwa mshtuko, akashuka ndani ya beseni. Akatoka mweupe mpaka shingoni. Akasimama akinitazama.

"Baba!" akasema mama, mkono kifuani. "Ndiyo nini sasa kunilipulia biashara?"

Wenzangu walipunguza mwendo, nikawapungia mkono waendelee. Mtaalamu hasubiriwi.

Nikaipindua baiskeli. Kwa uchache, gurudumu lilitoka bila taabu, maana upepo haukuwepo tena. Chini ya makoleo ya breki, kichwa cha boliti kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha harusi, na pembeni yake limegandamana kokoto dogo la ukubwa wa punje ya choroko. Hilo ndilo lililofanya kazi. Katikati ya gome la tairi kulikuwa na mfereji uliochimbwa mzunguko mzima, na mahali pamoja mfereji umekuwa tundu la urefu wa sentimita 1, nyuzi za ndani zimechomoza kama za gunia. Tyubu ilichungulia hapo ikaona dunia. Kwenye bomba la fremu la kulia, rangi ilikuwa imetoka sehemu ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, aluminiamu imebaki uchi. Aluminiamu ikiliwa hivyo kwa siku nyingi hupasuka. Yangu iliguswa kwa saa moja tu.

Chini ya mti, hatua ishirini hivi, alikaa fundi baiskeli. Mzee kabisa, kofia ya kufuma, mbele yake beseni la maji ya kutafutia pancha, rundo la tyubu, vijiko viwili vya kutolea matairi vilivyoliwa na miaka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Lako lile?"

"Langu babu. Tairi limekatika. Nahitaji la ishirini na nane."

Akacheka. "Ishirini na nane? Hapa Maji ya Chai utakosa vyote, ishirini na nane hukosi." Akamwita mjukuu wake, nikampa dogo elfu kumi na tano, akaondoka mbio. Mimi nikarudi kwa mama vitumbua kulipa beseni la unga, tukashindana bei, akanihesabia na mafuta, na hela ya kumwogesha kuku. Hapo ndipo ningepaswa kuwa namfuata dogo nikipiga kelele "milimita! milimita!"

Akarudi amelivaa begani. Nililiona kwa mbali nikajua. Jeusi, nene kama muhogo, ubavuni herufi za fahari: 28 x 1½. Nikalifuta vumbi kwa mate. Chini yake, ndogo kabisa: 40-635.

Hii ni 28 ya inchi, tairi la Phoenix, la baiskeli zote nyeusi zilizowahi kubeba mkungu wa ndizi nchi hii. Ndiyo ile 700B ya Mfaransa. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, B na C, na tofauti yao ni mm 13 za kipenyo. Ukizigeuza kuwa mzingo unapata kama mm 41 za waya wa ziada. Tairi la 622 ukijaribu kulivalisha rimu ya 635 haliingii, na hiyo ni salama, maana utakasirika uende nyumbani. Hili la 635 kwenye rimu ya 622 linaingia. Hatari yake iko hapo.

"Babu, samahani," nikaanza, "hili ni la mia sita thelathini na tano..."

"Mwanangu. Mimi nimeanza kufunga ishirini na nane baba yako hajajua kunyoa."

Ukishamwamkia mtu shikamoo, kumsomesha hesabu dakika tano baadaye hakukai vizuri. Nikanyamaza. Akalichukua gurudumu langu, akaweka tyubu yangu ya akiba, moja niliyobakiwa nayo, akalivalisha tairi kwa mikono mitupu. Vijiko havikuguswa. Halafu akanitazama kama daktari aliyemaliza kudunga sindano kabla mtoto hajalia.

"Unaona? Limeingia lenyewe."

Tairi la saizi yake haliingii lenyewe. Sentimita kumi za mwisho hukupigania, unalisukuma kwa madole gumba mpaka yawe mekundu, na mara nyingi unaishia kuomba kijiko. Likiingia kama shati, lina shida. Nilijua, na bado pampu ya babu ilipogoma kushika vali yangu nyembamba, mimi mwenyewe nikatoa mfukoni kile kiunganishi cha shaba nikampa dogo. Yaani nilichangia risasi.

Dogo akaanza kupampu. Pampu ya miguu, ile ndefu. Watoto wakajaa. Kwanza tairi lilikaa vizuri upande wa chini na kuinuka upande wa juu, mwanya wa karibu mm 13, waya unaonekana. Kisha kwenye mwanya ule ikachungulia tyubu. Nyekundu ya kiwandani, laini, kama ulimi wa mtoto. Ikawa saizi ya limau. Ikawa chungwa. Ikaanza kung'aa.

"Toa upepo!" nikapiga kelele. "Dogo, toa! Toa upepo!"

Dogo, kwenye kelele za watoto, akasikia "tia".

Akatia.

Chungwa likawa nazi, watoto wakashangilia, babu akavua kofia sijui kwa nini, mimi nikaruka kuelekea kwenye vali, na sikufika. Mlio huu ulikuwa mnene kuliko wa kwanza, wenye mwangwi. Vijana wa bodaboda wakalala tena, sasa kwa ustadi. Kuku yuleyule, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujikung'uta, akapaa juu ya banda la mama vitumbua na hatukumwona kushuka.

Babu alikaa kimya muda mrefu. Akaliinua gurudumu, akalizungusha mbele ya jicho, akaligongagonga kwa ukucha.

"Mwanangu," akasema, "hii rimu yako ni ndogo."

Na ni kweli. Kwa mm 13.

Alichofanya baada ya hapo nampa heshima yake yote. Aliniomba tairi langu la 28 lililokatika, akachukua tairi kuukuu la baiskeli, akakata kipande cha ubavu wake kama sentimita 6 kwa 3, akachonga kingo zote kwa wembe mpaka zikawa nyembamba kama karatasi ili zisije zikaikwaruza tyubu, akakibandika kwa ndani juu ya tundu kwa gundi ya pancha, kila upande ikisubiri ikauke kwanza. Gaita. Safi kuliko yoyote niliyowahi kuitengeneza mimi. Kisha akaning'olea yale makoleo ya breki ya nyuma kabisa, akayafunga na kipande cha mpira kwenye bomba la siti, na kwa hatua hiyo moja akapata mm 5 za nafasi nilizozikosa kwa hesabu zangu zote. Ningeweza kurudi nyumbani polepole kwa breki ya mbele.

Ila tyubu zilikuwa zimekwisha. Babu alikuwa nazo rundo, zote za Phoenix, zenye vali nene ambayo tundu langu la mm 6.5 haliipokei. Babu akaliangalia tundu, akaangalia vali, akamwambia dogo apashe msumari moto. Nikalikumbatia gurudumu.

Nikarudi kwa bodaboda, yule aliyeniuliza habari za mbuzi. Nimekaa nyuma, baiskeli nimeivaa shingoni, gurudumu mkono wa kushoto, tairi la Phoenix mkono wa kulia, maana lilikuwa limelipiwa. Boda iliyobeba mzigo wa namna hiyo hutambaa kwenye matuta, na hapo Usa River, kwenye tuta la tatu, kikundi kizima kikatupita kikitokea KIA. Mmoja mmoja. Kila mmoja akasema "Veniaaa" kwa sauti yake.

Wiki iliyofuata niliweka nyuma tairi la 25 la kisasa, lililotengenezwa kwa kupimiwa rimu ya 19. Kwenye rimu yangu ya 21 nikalijaza psi 80, nikaliacha lilale, kesho yake likasoma mm 25.9. Pembeni ikabaki mm 4 kila upande na nywele moja ya ziada, juu ikabaki 5. Kwa breki nilinunua vibao vyembamba zaidi, klipu ikarudi kufungwa. Spana ya L ya mm 4 ikapita kila mahali. Nikaipitisha mara nne, mara ya mwisho kwa raha zangu tu.

Lile la 28 x 1½ lilikaa kibarazani mpaka muuza maziwa alipoliona, akasimama, kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Nikamwambia achukue. Alilivalisha palepale kwenye Phoenix yake, kwa vijiko viwili na jasho la kutosha, likakaa kama limezaliwa nayo. Kisha akainama akasoma ubavuni kwa sauti, herufi moja moja.

"Ishirini na nane," akasema, akaniangalia kwa huruma. "Kumbe siku zote zile ulikuwa unanihadithia habari za tairi langu."